Zawadi Iliyo Nyuma ya Pazia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye muda si mrefu utatukatia utepe; Ndugu Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha magodoro na mito; Ndugu Mkaguzi wa Usalama wa Moto, ambaye leo umekuja kula nasi badala ya kutukagua, ingawa sisi hatujawahi kuiona tofauti; wageni waalikwa; na ninyi wenzangu wa ukumbi wa kushona, mliosimama kwa sababu viti ni vya wageni: habari za asubuhi, na poleni kwa kusubiri.

Nimeombwa nifanye mambo mawili. Niage, maana leo nastaafu usimamizi wa ukumbi wa kushona. Na niusifu ukumbi huu mpya, ambamo wenzangu wataanza kazi Jumatatu. Kuaga ni rahisi. Kusifu ndiko kugumu, maana sijui nianzie wapi.

Nianze na kanuni za usalama wa moto. Hakuna kiwanda kinachoziheshimu kama chetu. Sisi tumezitia kwenye fremu. Zimetundikwa nje ya ofisi ya Mkurugenzi, nyuma ya kioo, juu kabisa, mahali ambapo hakuna mkono mchafu utakaozifikia wala jicho litakalozisoma.

Na mitungi yetu ya kuzimia moto je? Kanuni zinataka kila ukumbi uwe na mitungi yake. Sisi, kwa moyo wa ushirikiano, tuna mitungi ya kiwanda kizima. Mkaguzi akifika anakaribishwa chai ofisini, na kikombe kikiisha mitungi iko ukumbi wa kukatia sponji, imesimama wima kama askari. Akitoka hapo anazungushwa bustani ya maua, kwa njia ndefu kidogo, na mitungi inapanda toroli, inapita nyuma ya vyoo, inamtangulia ukumbi wa kushona. Siku moja nilimkuta Mtunza Stoo analisukuma toroli lile huku anahema.

"Kaka, moto uko wapi?" nikamuuliza.

"Moto gani? Mkaguzi huyo anakuja! Nipishe!"

"Na moto wenyewe ukija?"

"Huo hautoi taarifa, bwana. Huyu katupigia simu jana!"

Ndugu Mkaguzi, nakupongeza kwa dhati. Ni wangapi wanaoweza kuukuta mtungi uleule, wenye mkono uliofungwa waya mwekundu, katika kila ukumbi, na kila mara wakaandika kwamba uko mahali pake? Wala hukusema uongo. Kila ulipoukuta, ulikuwa mahali pake.

Nisipoyasifu mafunzo nitakuwa mchoyo. Aliletwa mwalimu, akatufundisha kwamba moshi ukitanda usibishane na mtu: inama, fuata mshale wa kijani mpaka mlango wa dharura, sukuma, toka. Tukafanya zoezi, tukatoka vizuri, tukapigwa picha, tukanywa soda. Siku hiyo mlango wa dharura ulikuwa wazi, umesuguliwa unang'aa. Gari la mwalimu halijakata kona, mnyororo na kufuli vikarudi mlangoni. Nilikwenda kwa Mkurugenzi kuuliza, na akanieleza kwa upole, kama baba.

"Bwana Msimamizi, mlango ule nikiuacha wazi, mito itatembea mpaka sokoni."

"Na watu je, bosi?"

"Watu wana mlango wa mbele."

Basi ikaja siku mota ya cherehani ikatoa cheche na sponji ikashika. Wenzetu wengi, waliosinzia kwenye mafunzo, walikimbilia mlango wa mbele walioingilia asubuhi, wakatoka salama. Mmoja tu ndiye aliyelikumbuka somo. Mama Mapacha aliinama kama alivyofundishwa, akafuata mshale kama alivyofundishwa, akawa wa kwanza kufika mlango wa dharura, tena peke yake. Akasukuma. Mafundi walipovunja mlango kwa nje, walimkuta ameanguka, mkono bado umeshika mnyororo.

Mama Mapacha, dada yangu, nyoosha mkono wakuone. Huyo hapo. Mpigieni makofi, ila msingoje awashukuru, kwa sababu sauti yake aliiacha pale mlangoni. Zamani akiimba kwenye cherehani alisikika mpaka getini, na sisi tukimtania, "Mama, punguza, utaunguza fyuzi!" Siku hizi akitaka kuwaita wanawe, anagonga sufuria. Nilipokwenda kumwona hospitali alinivuta karibu, akaninong'oneza: "Kaka, niambie ukweli. Nilikosea mshale?"

Hukukosea, dada. Wewe ndiye uliyekuwa mwanafunzi bora.

Na kampuni haikukaa kimya. Ilinunua mshale mkubwa zaidi, unaong'aa gizani.

Sasa niusifu ukumbi mpya. Una milango miwili mipana kwa nyuma, inayofunguka kwa nje, ukiiegemea tu umetoka, sawasawa na kanuni. Cheti kimeshaandikwa. Asubuhi nilikuja kupanga viti, nikaliona hilo pazia la bluu nyuma yenu, lililotariziwa "Usalama Kwanza". Mimi ni mtu wa kushona, nikaenda kuushika mshono. Mshono ni mzuri. Nyuma ya pazia nikaikuta milango yetu mipya, na kwenye milango yetu mipya mnyororo mpya, na kwenye mnyororo kufuli jipya, bado lina karatasi ya dukani.

Tafadhali msigeuke wote kwa pamoja, mtaangusha viti.

Ratiba inasema sasa nikabidhiwe zawadi. Naiona pale mezani, na kwa umbo lake ni saa ya ukutani. Kampuni yetu humpa mtu saa siku ile ambayo hana tena pa kuchelewa. Naomba kwa heshima ibaki. Mimi zawadi yangu nimeshaichagua: nataka kufuli lile, na mnyororo wake, na ufunguo wake. Nitavitundika sebuleni. Wajukuu wakiniuliza, "Babu, ulikuwa unalinda nini huko?" nitawaambia: mito.

Ndugu Mkurugenzi, sidhani kama utaninyima kitu kidogo hivyo mbele ya Mgeni Rasmi. Jumatatu Mama Mapacha anarudi kazini, na cherehani yake imepangwa mstari wa nyuma, chini ya mshale. Ananiambia somo bado analikumbuka vizuri. Namwamini. Ndiyo maana naogopa.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Mheshimiwa, nakuomba uushikilie mkasi wako kidogo, kwa sababu kipaza sauti hiki sikiachi mpaka zawadi yangu ifike hapa mkononi. Mtunza Stoo, kaka, ufunguo unao wewe. Kimbia kama siku zile za toroli. Safari hii Mkaguzi ameshafika.