Barabara ya Ziwani

Basi la mjini halikuwa limejaa, na fundi cherehani, aliyekuwa akishona pindo la suruali ya mteja, alisikia yote bila kutega sikio. Kwenye kiti cha mbele yake mwalimu mmoja wa kike alikuwa ametandaza ramani magotini. Macho ya mama yake yalikuwa yanafifia, na Jumamosi angempeleka kwa gari mpaka jiji la pili kwa ukubwa nchini, kwa barabara ya zamani, alione ziwa angali anaona.

“Mwanangu, utamtesa bure mama wa watu,” alisema mzee aliyeketi naye, dereva mstaafu wa malori. “Piteni barabara mpya, saa sita mmefika. Ile ya zamani nimeiendesha miaka kumi na tisa. Ina matuta arobaini na moja. Ziwa hakuna.”

“Mzee wangu, mama kazaliwa kando yake!”

“Basi litakuwa limekauka.”

“Kwani ulikuwa unapita saa ngapi?”

Mzee alikohoa kidogo. “Usiku. Nilibeba nyanya, na nyanya hazitaki jua.”

Mwalimu alicheka mpaka ramani ikamponyoka. “Sasa ulitaka ziwa likupigie honi?”

Fundi alijichoma sindano kwa kujizuia kucheka.

“Hata kama,” mzee alishikilia. “Maji yote hayo, ningesikia hata harufu.”

Basi likasimama kituo cha sokoni. Mzee akavaa kofia yake, akafika mlangoni, kisha akageuka.

“Ziwa hakuna,” alisema. “Lakini hilo gari lenu, kiti cha nyuma kina mtu?”