Wafumaji Hawajaitwa

Kijiwe cha wafumaji unakijua kwa kelele kabla hujakiona. Mabenchi mawili yametazamana mbele ya duka lililofungwa, na watu wake wakisalimiana utadhani wanagombana. Mtaa umeshazoea. Kiwandani, katikati ya mashine za kufuma, walikuwa wakisemezana kwa kutazamana midomo, na tabia hiyo wametoka nayo. Hata mzee wa kahawa hapo haiti mtu. Anainua kikombe juu, anayetaka anaona. Tangu vitambaa vya nje vijae madukani na kiwanda kifunge geti, kahawa inanywewa asubuhi mpaka jioni. Siku hiyo Uzi, mwembamba kuliko wote, alishika kikombe kwa mikono miwili. Serikali ilitangaza msaada kwa waliopoteza kazi: posho ya kujikimu na mafunzo ya kazi nyingine. Walijiandikisha wote, kilichobaki ni kuitwa dirishani, kwenye ofisi ya msaada. Leo saa kumi jioni dirisha linafungwa, na Uzi hajaitwa.

— Jana nimekaa pale mpaka wanafagia, alisema. Kimya.

— Mimi juzi! akadakia Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Nimekaa mstari wa mbele kabisa, karani kainama nyuma ya kioo chake, hata kunitupia jicho!

— Mimi nimekwenda mara mbili, tena na tai, alisema Waziri, msimamizi wao wa zamani, ambaye shati la zamu bado halijamtoka mwilini. Wa rangi wameitwa. Wa ufungashaji wameitwa. Wafumaji, hata wa dawa!

— Sasa kwa nini? aliuliza Uzi.

— Unauliza? Wenye vitambaa vya nje wameweka sharti. Mfumaji asisaidiwe, asije akapata nguvu akawasha mashine tena.

— Wee! Sharti tu? Redio alisogea mbele. Wanataka tuishe, jamani. Tukiisha sisi, nani atajua kufuma? Watavaa wanacholetewa, basi.

Uzi alicheka kidogo. Nyumbani mkewe alikuwa ameacha kuuliza kama wamemwita. Anamtazama tu anavyovua viatu, anajua. Juzi alimkuta anakunja nguo za watoto na kuzipanga kwenye sanduku. "Napanga tu, baba watoto," alimwambia, na Uzi akaogopa hata kuuliza zaidi. Alijua mwezi ukiisha bila msaada, sanduku hilo litakwenda kwa mama mkwe, na watoto nyuma yake.

— Labda waliosahauliwa wataitwa leo, alisema.

— Usiombe uitwe! Waziri alishusha sauti, maana yake ni kwamba alisikika hadi upande wa pili wa barabara tu. Makontena yanakuja na vitambaa. Yanarudi na nini?

— Matupu.

— Nani kakuambia matupu? Hao walioitwa kwenye mafunzo, umemwona hata mmoja karudi mtaani?

Mzee wa kahawa aliinua kikombe, hakuna aliyekitaka. Uzi aliona kabisa mlango wa chuma unafungwa na yeye yumo ndani, akajilaani kwa kuamini upuuzi kama ule, na bado aliuamini.

Ndipo akatokea dada wa ufungashaji, mkoba begani, anatembea kama mtu mwenye pa kwenda.

— Huyo hapo, Waziri! Redio alipiga goti lake. Kontena limemtema!

Dada alisimama katikati ya mabenchi, uso kwa uso na Uzi.

— Habari zenu, kaka zangu. Natoka mafunzoni. Hivi huo mgomo wenu mtaumaliza lini?

— Mgomo gani? aliuliza Uzi.

— Jana si nilikuwa pale, nimemsindikiza mdogo wangu? Karani alikuita wewe kaka mara tatu. Na juzi, mdogo wangu anasema, huyu Redio aliitwa mpaka karani akagonga kioo. Mmetulia tuli, mnatazama ukuta. Tukasema basi, wafumaji wamegoma. Mbona hamkuitika?

Waziri alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Redio, aliyekuwa amekaa ubavuni mwa yule dada, alimgeukia Uzi.

— Kasema nini huyu?

Uzi alikuwa ameyaona maneno yote kwenye midomo yake, moja moja. Alikumbuka zile safu za viti ofisini, zote zimeelekea ukutani, dirisha liko ubavuni, na kichwa cha karani kimeinama. Alikumbuka pia mkewe, ambaye siku hizi humgusa bega kabla ya kusema neno, na yeye akidhani ni mapenzi yamerudi. Hofu ya kontena ilimtoka yote, ikaingia nyingine iliyo mbaya zaidi. Nani atamfundisha kazi mpya mtu asiyesikia?

— Kasema nini? Uzi! Redio alipiga kelele.

Uzi aliweka kikombe chini, akasimama.

— Dada, alisema, na kwa mara ya kwanza pale kijiweni mtu alisema polepole. Nisindikize dirishani. Kaa karibu yangu. Nikiitwa, niguse bega.

Dada alimtazama. Kisha mkoba ukamteleza begani, akainama kuuokota, na jibu lake akalitoa akiwa ameinama vilevile, uso chini.

Uzi alibaki amesimama, anangoja ainue uso.