Kamati Ilipokuwa Ikituchunguza

Nimeombwa nizungumze dakika kumi. Nitajaribu, lakini nikianza kufoka mnivumilie. Jambo hili bado linaniuma.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania, na Marekani nilishukia mji wa Louisville pamoja na kaka yangu. Huko, kwenye darasa la Kiingereza, nikampata mwenzangu, mwanamke kama mimi, Mkongo wa Uvira. Ndiye yule pale, aliyekaa karibu na dirisha. Kaka alipogundua kwamba yetu haikuwa ya shoga na shoga yake wa kuazimana vitenge, alinitolea mabegi nje. Tukahamia Columbus, jimbo la Ohio, tukapanga nyumba mtaa wa Linden. Yeye akapata kazi ghalani, mimi nikaajiriwa kutunza wazee kwenye nyumba ya serikali. Serikali ipi, ya mji au ya nani, sitaitaja.

Basi, mwenzangu akaanza kujigonga kwenye milango. Mwanzoni tulicheka. Halafu akawa anamimina chai nje ya kikombe. Daktari akasema ni presha ya macho, anahitaji upasuaji, na asicheleweshwe. Bima ya ghalani ilikuwa ya jina tu. Ya kwangu ilikuwa nzuri, ila iliandikwa: mume, mke, watoto. Na wakati ule, ndugu zangu, Ohio haikutambua ndoa ya watu kama sisi.

Nikaenda ofisi ya wafanyakazi. Mama wa pale, mpole kweli, akaniambia, "Una bahati. Serikali inafanya utafiti kuhusu haki za wapenzi wa jinsia moja. Subiri matokeo."

Nikamweleza mwenzangu. Akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, chenye Kifaransa ndani, "Bon. Banachunguza nini sasa? Miye niko hapa, bakuje baniulize."

Hawakuja. Nikaenda mimi. Kamati ya utafiti huo iliita wafanyakazi watoe maoni, nikaketi mbele yao na karatasi yangu. Mzee mmoja akauliza, "Tutajuaje kama nyinyi si marafiki wawili tu mnaoishi nyumba moja?" Nawaambia, asubuhi ileile nilikuwa nimemshika kichwa nikimdondoshea dawa machoni. Ningesema hilo. Badala yake nikasema, "Samahani, sijaelewa swali." Nilielewa sana. Wakanishukuru kwa muda wangu.

Miezi ikapita. Nikipiga simu, naambiwa utafiti unaendelea. Nikiuliza utaisha lini, naambiwa kamati imeomba muda zaidi. Jicho la kushoto likazima kabisa, kamati bado inaomba muda.

Sasa nafika pale ninapoona aibu. Hasira ile sikuipeleka kwa kamati. Niliipeleka nyumbani. Siku moja mwenzangu alivunja sahani, nikamwambia, "Nimechoka kuwa macho yako. Rudi Louisville."

Aliinama akapapasa vipande. Kisha akaniuliza, "Ni weye unasema, ao ni bale ba ofisi?"

Kesho yake akapanda basi.

Kufika huko, binamu aliyemtegemea alikuwa amehama. Hakujua mlango mwingine ila wa kaka yangu. Akaenda kuugonga. Ndipo kaka akanipigia simu, na hatukuwa tumesemeshana miaka.

"Kuna mtu hapa kaanguka kwenye ngazi zangu," akasema. "Wifi yako anamfunga goti."

Nikaanza kutafuta funguo za gari.

"Unasikia? Mimi mambo yenu siyakubali, na Mungu anajua. Lakini mtu asiyeona hafukuzwi. Njoo umchukue mke wako."

Mke wako. Neno hilo nililiomba kwa makarani na kwa kamati nzima, wasinipe. Alinipa yeye, tena kwa ukali. Nikaiweka simu chini nikalia mpaka kwikwi.

Nikaendesha gari hadi Louisville. Sebuleni kwa kaka nikapiga magoti mbele ya mwenzangu, watoto wanatazama. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Simama, donc. Unanizibia mwangaza."

Tangu siku ile niliacha kusubiri. Kwenye jimbo hili la New York walikuwa tayari wanafungisha ndoa zetu, na kaka ndiye aliyeshika usukani mpaka hapa Buffalo, mimi nikakaa nyuma na mwenzangu. Tukachukua kibali, tukangoja siku moja kama sheria inavyotaka, tukafunga ndoa. Kaka hakuingia ndani. Alibaki kwenye gari. Tulipotoka tulikuta ametununulia kuku wa kukaanga.

Nikapeleka cheti ofisini Columbus. Wakanirudishia: Ohio haikitambui, na utafiti haujaisha. Basi nikaacha kazi. Tukahamia huku, nikapata kazi ya kutunza wazee hapa jirani, Amherst, jina lake likaingia kwenye bima yangu bila swali, akapasuliwa jicho la kulia. Linaona. La kushoto halikurudi.

Mtauliza, ripoti je? Ilitoka tukiwa tumeshahama. Nene! Nikaisoma yote, na mwishoni wanapendekeza ufanyike utafiti zaidi. Baadaye sheria ilibadilika nchi nzima, watu wakaniambia sasa nisahau. Najaribu. Kuna wiki nashindwa.

Namshukuru daktari aliyemkazania. Namshukuru yule mama wa ofisi aliyenitumia ripoti, na pembeni akaandika kwa kalamu kwamba anaona haya. Namshukuru wifi yangu. Na kaka, ambaye hadi leo hatukubaliani, lakini kila Jumapili akipiga simu anamwulizia yeye kabla yangu.

Ndugu zangu, wengi humu mnasubiri karatasi fulani kutoka ofisi fulani. Pigeni simu, andikeni, rudini tena kesho, mpaka wachoke wao. Ila ukifika kwako, hasira hiyo ivue mlangoni pamoja na viatu. Aliyeko ndani si kamati. Naye pia amesubiri siku nzima.