Usipumue na Kamera Yake ya Kujifunzia

Ndugu, jamaa na majirani, anayesoma mbele yenu ni kitinda mimba wa marehemu, mkimwona anaogopa mvumilieni, kuogopa ndiko alikozoea.

Marehemu, mliyemwita Usipumue, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa fundi saa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, na tarehe 2 Januari 1979 akaajiriwa kwenye kiwanda cha sare, chumba cha vifungo, cherehani ya tatu kutoka dirishani, akakaa hapo miaka thelathini na miwili. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi umeme wa kiwanda hichohicho, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume na binti huyu anayesoma.

Kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Juni 2011, wenzake walinunua cherehani, yeye akanunua kamera, ile ya bei ya chini kabisa kati ya zile za kubadilisha lenzi, akajifunza kwa kijitabu cha maelekezo. Kijitabu kilisema, unapobonyeza, zuia pumzi, kikimaanisha mpiga picha, marehemu akaelewa ni wanaopigwa, basi kila mteja akaamriwa, “Usipumue!”, na kwaya nzima ya watu arobaini ikazuia pumzi hadi mweka hazina wao akakaa chini bila kuambiwa. Wenye makamera makubwa walimcheka harusini, “Mama, hiyo si ya kujifunzia?”, naye akawajibu, “Ndiyo, wanangu, kwani ninyi mlimaliza lini?” Ila picha zilipotoka watu walijiona vifua mbele, shingo ndefu, kama wameshinda kitu, wakaanza kumtafuta yeye tu, na alipokuja kueleweshwa kosa lake alikataa kulirekebisha, akasema bahati haisahihishwi.

Machi 2022 figo zilianza kumsumbua. Tarehe 3 Novemba mwaka huo binti yake akajifungua miezi miwili kabla ya wakati, mtoto wa kilo moja na robo, akawekwa kwenye mashine ya joto, na binti akaogopa, siku nne hakwenda kumwona, aliogopa kumzoea mtu wa kuondoka. Marehemu, miguu imevimba, akaomba ruhusa kwa muuguzi, akaingia na kamera, flashi imezimwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja akasikika akisema, “Pumua, baba, pumua.” Akarudi wodini kwa binti, akakuza picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera hadi likabaki tumbo la mtoto tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, tumbo limepanda, limeshuka, limepanda, akasema, “Mwenzako yuko kazini tangu alfajiri, wewe umelala.” Binti akainuka, akaenda.

Marehemu alilazwa tarehe 19 Julai 2024, akafariki Jumanne tarehe 23, saa nne asubuhi, ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wenzake wa chumba cha vifungo, na ninyi wenye makamera makubwa mliokuja leo kupiga picha bila kuitwa. Mtuwie radhi kwa kelele za huyo anayekimbia katikati ya viti, kumtuliza kumetushinda, ana kilo kumi na moja, na mapafu yake, daktari amethibitisha, hayana kasoro.

Mama, kazi umeimaliza, sasa pumzika, na amani iwe yako.