Mzee Aliyezungumza Nami Dirishani

Mchungaji, wazee, akina mama, ndugu wa Arlington, Landover na hapa Langley Park, na majirani wa dini zote mliofika, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni Jepkosgei, mke wa Warren, ambaye ni mtoto wa pili wa marehemu. Jana, katika kanisa lake kule Arlington, historia hii ilisomwa kwa Kiingereza na wabunge wenzake, kesho atazikwa milimani alikozaliwa, na leo ameletwa kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo, akaagiza pia msomaji niwe mimi, ingawa mnajua sauti yangu haifiki hata benchi la tatu. Jina lake mmeliona kwenye karatasi mlizopewa mlangoni, nami nitasema marehemu, au Mzee, kwani kwetu Nandi mke hataji jina la baba wa mume wake. Mnivumilie, jambo hili linaonekana dogo, lakini heshima ya namna hii ilikaribia kutugharimu familia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1921, katika mji mdogo wa milimani, magharibi mwa Virginia, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita. Baba yake alikata barafu ziwani wakati wa baridi na kuiuza wakati wa joto, na Mzee alizoea kusema kwamba kitu cha kwanza anachokumbuka duniani ni kipande kikubwa cha barafu kilichoegemezwa kwenye uzio, na ng'ombe wa jirani wakipita nyuma yake, wakubwa kuliko kawaida, wa rangi ya buluu, bila sauti yoyote. Nadhani kioo alianza kukipenda siku hiyo, kabla hajajua kinaitwaje.

Alisoma shule ya msingi ya chumba kimoja kuanzia mwaka 1927, akamaliza sekondari mwaka 1939, hakuendelea zaidi kwa sababu friji zilikuwa zimefika mjini na barafu ya baba yake haikuwa na mnunuzi tena. Mwaka 1942 aliingia jeshini, akaendesha lori Italia hadi vita vilipokwisha, na huko alipita katika miji ambayo madirisha yake yote yalikuwa matupu, upepo ukiingia na kutoka kama mwenye nyumba, akajiambia kwamba akirudi salama atafanya kazi ya kuziba matundu hayo.

Alirudi, na mwaka 1946 akaanza kutengeneza madirisha katika banda la kupanga kule Landover. Nyumba zilikuwa zikiota kama uyoga kuzunguka Washington, naye alitembea mlango kwa mlango na dirisha moja la mfano begani, akiwaomba wenye nyumba walishike juu ya ukuta mtupu na kufikiria wangependa kuona nini. Banda likawa kiwanda, kiwanda kikawa na malori, na hata alipokuwa mtu mkubwa, tukipita naye njiani jioni taa zinapowashwa, alinyoosha kidole taratibu na kusema, lile langu, na lile, na yale matatu ya juu.

Tarehe 7 Juni 1947 alifunga ndoa na mwalimu Lorraine, wakajaliwa watoto wawili, Joyce mwaka 1949 na Warren mwaka 1955. Mama Lorraine alifariki tarehe 9 Novemba 1978, na tangu siku hiyo Mzee hakulitaja jina lake mbele ya watu, si kwa sababu ya mila kama mimi, bali kwa sababu lilimuuma.

Novemba 1970 watu wa milimani walimchagua kuwa mbunge katika Bunge la Marekani, baada ya yeye kuzunguka nyumba zao kwa miguu kama alivyouza madirisha, akaapishwa Januari 1971, akarudishwa tena na tena hadi zikatimia chaguzi saba. Alikuwa mhafidhina, nalo jina hilo hakulikataa. Aliamini kwamba serikali ndogo ni bora kuliko kubwa, kwamba kodi ni jasho la mtu, kwamba mtoto aruhusiwe kusali shuleni, na kwamba fedha za Marekani zisipelekwe nchi za mbali, akasimama bungeni na kusema mkono unaopewa kila siku husahau kushika jembe. Wenzake walimtania kwa jina la Bwana Hapana, kwa jinsi alivyopenda kura hiyo.

Sasa nafika mahali pagumu kwangu. Warren alikuja kwetu Kabiyet, Nandi, mwaka 1979 kufundisha kwa kujitolea, jambo ambalo baba yake hakulipenda, na mimi nilikuwa msichana wa kupeleka maziwa nyumba za walimu. Tulifunga ndoa tarehe 11 Aprili 1981 kule Kapsabet, Mzee hakuja, akatuma simu ya maandishi kwamba Bunge linaendelea. Agosti 1982 tulihamia nyumbani kwake Arlington.

Nilimstahi kama nilivyofundishwa. Akiingia mlango huu, nilitoka kwa ule, sikukaa naye mezani, sikumtazama usoni, chakula chake nilikiacha kimefunikwa nikaenda zangu. Warren alidhani baba yake ameelewa, kwa kuwa yeye mwenyewe alishazoea akiwa kwetu, na Mzee hakuuliza. Kumbe aliamini kwamba nimesikia hotuba zake kuhusu nchi za mbali, na kwamba ninamchukia.

Tarehe 2 Mei 1983, alfajiri, nilijifungua binti, ndiyo maana anaitwa Chepkoech. Akina mama wawili wa kwetu walikuja kumwitia jina, maana kwetu majina ya waliotangulia hutajwa moja baada ya lingine, ugoro kidogo ukiwa karibu na pua ya mtoto, na mwenye jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Waliita majina ya upande wangu, mtoto akanyamaza, wakaita ya upande wa Warren, wakafika kwa Lorraine, wakaita kwa nguvu, Lorraine, Lorraine, na mtoto akapiga chafya, tukapiga vigelegele. Hatukujua kwamba Mzee amerudi mapema na yuko nje ya mlango. Alisikia wanawake wasiomjua mke wake wakiliita jina lake huku wakicheka, akashuka ngazi, akaondoka. Baada ya hapo alikuwa akilala zaidi ofisini kwake, na mwaka 1984 alitangaza kwamba hagombei tena, atauza nyumba na kurudi milimani.

Siku ya kufunga mizigo alikuwepo rafiki yangu, Bi. Mwatime wa hapa Langley Park, mnamjua, mtu wa Mombasa, hajui kunong'ona. Mzee alimuuliza, nami nikiwa nyuma ya pazia nikasikia, "Yule binti nilimkosea nini?"

Bi. Mwatime akamcheka. "Mzee, mtu mzima wewe, hukujua? Huyo hakukimbii, anakustahi. Siku utakayomwona amekaa mezani anakukodolea macho, siku hiyo ndiyo ulie."

"Na mke wangu? Mbona walikuwa wakimwita kama mbuzi aliyepotea?"

"Walikuwa wakimkaribisha nyumbani kwake, Mzee. Naye alikuja. Si ndiye huyo anakuvuta suruali?"

Mzee akatazama chini, Chepkoech ameshika suruali yake kwa mikono miwili. Akakaa juu ya sanduku, akampakata, na mizigo ile ikafunguliwa kidogo kidogo, hakuna aliyetangaza.

Majuma machache baadaye alipima ukuta kati ya jiko na veranda, akautoboa mwenyewe, akatia dirisha dogo la kusukuma. Yeye alikaa nje akitazama miti, mimi nilikaa ndani nikimenya viazi, migongo yetu imegeukiana, na maneno yakapita. Kwa njia hiyo hakuvunja mila yangu, wala mimi sikumwacha peke yake. Barafu, Italia, dirisha begani, yote niliyowasomea yalipita hapo. Neno la kwanza la Kiswahili nililomfundisha lilikuwa hapana, akasema hilo amelifanyia kazi miaka kumi na minne, nimpe jingine.

Mkiniuliza kama alibadili siasa zake, hakubadili. Ukumbi huu ulipokuwa na mbao mahali pa vioo, mwaka 1986, tulitaka kuomba msaada serikalini, akasema serikali ikikuwekea dirisha itataka na kuchungulia, akaja na Warren na lori, akayatia madirisha haya yote mnayoyaona, na mwanga ulio juu ya jeneza lake sasa hivi umepita katika kazi ya mikono yake.

Siku moja aliniuliza, kutoka upande wake, kama hata mtu wa chama chake anaweza kuitwa na kurudi. Nikamwambia hata wa chama chenu, Mzee, bora mtoto apige chafya. Akasema, "Nimeshinda uchaguzi mara saba. Huo wa chafya ndio unaonitia hofu. Mtaniita?" Nikaokota kiazi kingine nikaendelea kumenya, na jibu nikabaki nalo.

Februari 1987 mapafu yake yalianza kuugua, akalazwa, akatibiwa, na mwezi wa Agosti akaomba kurudishwa nyumbani, kitanda tukakiweka verandani, chini ya dirisha letu. Jumamosi tarehe 19 Septemba 1987, saa kumi alasiri, alikuwa akinisimulia tena wale ng'ombe wa buluu waliopita nyuma ya barafu, akafika pale wanapopita, sauti yake ikawafuata, haikurudi.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu, nesi Euphrasia aliyekuja kila asubuhi hata mvua ikinyesha, wafanyakazi wa kiwanda cha Landover, wabunge wenzake wa pande zote mbili, majirani wa Arlington, na Bi. Mwatime, ambaye bila sauti yake kubwa tungezika mgeni.

Mnaniona nilivyo, mtoto anatarajiwa Disemba. Nilimuuliza mama yangu kwa simu ya misheni ya kule nyumbani nifanye nini, akasema, aliye hai unamstahi kwa kunyamaza, aliyekwenda unamstahi kwa kumwita, tena kwa sauti asikie. Kwa hiyo lile jibu nililodaiwa dirishani nalitoa sasa, mbele yenu nyote.

Lowell Amos Brandle. Baba. Tutakuita. Pumzika kwa amani, lakini usilale usingizi mzito.