Mama Taa na Mashine ya Maabara

Marehemu mke wangu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1959, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake alishona viatu. Alimaliza sekondari mwaka 1977, akasomea upigaji chapa. Mimi shule sikuiona. Barua zangu zote nilisomewa na yeye.

Alianza kazi kituo cha afya mwaka 1979. Kompyuta zilipoingia akapelekwa kozi, akarudi fundi. Zilipozeeka hakukubali zitupwe. Alifuta yaliyomo, akasimika mfumo mwepesi wa bure uitwao Linux, zikafanya kazi tena. Ugomvi ulikuwa kwenye mtandao. Mashine ikikataa kuongea na wenzake, hakugusa kitu kabla ya kuangalia kama taa ndogo ya tundu la waya inawaka. Ndipo wakamwita Mama Taa.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Nikinuna nyumbani, alinichungulia usoni: "Mzee, leo taa inawaka?" Nikacheka bila kupenda.

Mwaka jana ini lilianza kumsumbua. Mwezi Mei mwaka huu akalazwa hapo hapo kituoni. Ilikuwa imebaki mashine moja ya kufufua, ya maabara. Fundi mwenzake aliisimikia mfumo, mtandao ukagoma. Majibu ya damu yakawa yanabebwa kwa mkono hadi wodini, mengine yanachelewa. Fundi akaja kitandani.

"Mama Taa, imenishinda."

"Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Basi waya ni mzima. Weka anwani upya."

Akaweka. Akafuta mfumo, akaanza tena. Wapi. Jumanne, tarehe 4 Juni, marehemu akataka apelekwe maabara. Binti yetu wa kwanza, ndiye huyu anayewasomea maneno yangu haya, alimgeukia fundi.

"Wewe huna haya? Mama hata kukaa hawezi."

"Mwacheni," marehemu akasema. "Nikilala hapa nitaiwaza tu. Nisukumeni."

Kiti cha magurudumu nilisukuma mimi.

Alipapasa nyuma ya mashine. "Mdogo wangu, hii ina matundu mawili. Waya umechomekwa hili, taa yake inawaka. Mfumo umeuambia usikilize lile jingine." Akacheka mpaka akakohoa. "Na mimi sikuuliza taa ya wapi."

Akachagua kwenye skrini tundu lile lenye waya. Tukangoja. Muuguzi akapiga simu kutoka wodi ya wazazi: majibu yamefika.

Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, asubuhi, alifariki. Tangu siku hiyo binti yetu hajamsemesha fundi. Anasema safari ile ya maabara ndiyo iliyommaliza mama yake. Daktari anasema ini lilikuwa limeshakwisha. Mimi sijui. Usiku silali kwa hilo. Ninachojua, tulipomrudisha kitandani aliomba chai, akainywa yote. Ilikuwa siku nyingi hajamaliza kikombe.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano, dada yake mdogo, na fundi mwenzake.

Binti yangu, huyo wa mwisho nimemweka kwenye wafiwa makusudi. Usimruke. Ukimaliza kusoma, mpe mkono. Kusamehe kutakuja kwa wakati wake, sikulazimishi leo. Mkono tu, mama yako apate kupumzika.