Mama Kioo na Joto la Chuma Kilichobanwa

Mheshimiwa Mkurugenzi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, jamaa wa mwenzetu anayestaafu leo, na ninyi vijana wa maabara mliojazana pale nyuma mkidhani siwaoni: hamjambo!

Nimeonywa kwa jicho kali nisigeuze sherehe hii kuwa somo. Nitajitahidi. Lakini nani awezaye kumsifu Mama Kioo bila kueleza alichokuwa akikipima?

Mnaujua ule mzinga mrefu uliolala ukumbi wa chini, ambao ukifyatuliwa vikombe vya chai huku juu vinacheza kwenye visahani. Unarusha bamba la chuma kwa kasi ya ajabu, likagonge kipande kingine cha chuma. Kinachogongwa kinabanwa kama chuma kilichoko kwenye kiini cha dunia, chini kabisa ya viti mlivyokalia. Kinapata moto, kinawaka, kinasambaratika, na yote yamekwisha kabla ukope haujaanza kushuka. Katika muda huo, mwanamke huyu alitaka kujua: kina joto kiasi gani?

Mtasema, si mtazame tu ule mwanga wake? Ndivyo maabara zote zilivyofanya. Lakini chukua sufuria mpya inayong'aa na nyingine yenye masizi, uzipashe sawasawa: ile yenye masizi itakuchoma uso kwa mbali kuliko mwenzake, ingawa joto lao ni moja. Kwa hiyo huwezi kusoma joto la chuma kabla hujajua kinang'aa kiasi gani. Wenzake walitumia mng'ao wa chuma ambacho hakijagongwa. Yeye akauliza, "Nani kawaambia kikishabanwa bado kinang'aa vilevile?" Akakimulika kwa taa yake mwenyewe, papo hapo kinapobanwa, akapima mwanga unaorudi. Ndipo akaitwa Mama Kioo.

Mimi nilikuwa taasisi nyingine. Siku alipotoa matokeo yake mkutanoni, nilisimama nikasema, "Mama, kazi nzuri. Lakini mbele ya chuma umeweka kioo kigumu cha kuchungulia. Katikati kuna upenyo, na hewa iliyonaswa humo inawaka kuliko chuma chenyewe. Unapima joto la hewa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo naitwa Bwana Hewa, na aliyeanzisha jina hilo ameketi pale karibu na maua, anajifanya hanisikii.

Nilitarajia matusi. Nikapigiwa simu.

"Wewe bwana, umeninyima usingizi."

"Nisamehe, Mama."

"Sitaki samahani, nataka mikono. Njoo tufyatue pamoja."

Nilipofika nilikuta mzinga uko mbioni kung'olewa, ukumbi ugeuzwe ghala. Mheshimiwa Mkurugenzi, usiiname, hatukulaumu! Alikuwa ameruhusiwa kufyatua mara moja tu, ya mwisho. Binti yake, ambaye yuko nasi hapa, alinivuta kando mlangoni. "Mjomba," akaniambia, "kama kweli ni hewa, mama atabaki na nini?" Nikaingia ndani kumsaidia mama yake.

Tukakipaka chuma moja kwa moja juu ya kioo, kwa mvuke wa chuma chenyewe, utando mwembamba uliogandamana nacho hata hewa isipate pa kujificha. Tukafunga mlango. King'ora. Kishindo! Kisha mstari ukapanda kwenye skrini.

Joto lilikuwa chini kuliko alilolitangaza miaka yote. Hewa ilikuwa imemdanganya. Ndugu zangu, nilikuwa nimeshinda, na niliona haya kumtazama usoni. Ukaja mstari wa pili: mng'ao ulikuwa umeshuka, kama alivyosema yeye, na hesabu zangu mwenyewe, zilizotumia mng'ao wa chuma ambacho hakijagongwa, nazo zilikuwa kombo.

"Tulikosea!" Mama Kioo akapaza sauti. "Tulikosea wote wawili! Sasa tunajua!" Akapiga vigelegele, akanishika mikono, akanizungusha katikati ya nyaya. Mkurugenzi alikuja mbio akidhani kuna aliyeumia.

"Mheshimiwa," akamwambia huku akihema, "nafuta takwimu zangu zote za zamani."

"Na mzinga je?"

"Mzinga ndio kwanza umeanza kusema kweli!"

Ghala lilitafutiwa mahali pengine, nami nikahamia hapa. Nawauliza: nani kati yetu angepiga vigelegele siku anapogundua kwamba kazi ya miaka yake yote inabidi irudiwe? Nawe binti uliyeniuliza pale mlangoni, mama alibaki na nini? Uliyaona macho yake alipofika nyumbani.

Leo asubuhi, siku yake ya mwisho kazini, kaingia ofisini kwangu, mkoba begani. "Bwana Hewa, kile kioo chetu cha kuchungulia. Nacho kikibanwa, si huenda kinafifia, kikala mwanga kabla haujatufikia?"

Nilikaa chini. Nimefikiri mchana kutwa na sijapata pa kumpinga. Kesho tunaanza kukipima kioo chenyewe, na mlinzi nimeshamwambia: huyu mama akija, astaafu asistaafu, afunguliwe.

Kwa niaba ya wenzangu wote, nawashukuru kwa kunitegea sikio. Naomba sasa mumpelekee kipaza sauti, maana namwona keshanyosha mkono, na bila shaka kuna mahali nimekosea.